Tanki kubwa la samaki wawindaji wa baharini: dalili, sababu, na nani asikae na nani

Wakuu, naandika hii kwa urefu kidogo maana maswali yanayonifikia kuhusu matanki makubwa ya samaki wawindaji wa maji chumvi yanafanana sana. Mtu yuko Mbezi Beach au Masaki au Kigamboni, kajengewa tanki la lita elfu na zaidi sebuleni, pesa imetumika kweli kweli, kaweka samaki simba (lionfish, yule wa mapezi marefu), kaweka kikande (triggerfish), kaweka mkunga (yule mrefu kama nyoka), na chewa (grouper) mdogo aliyempata kwa wavuvi, wiki za kwanza raha tupu, halafu mmoja anapotea, mwingine mapezi yanakatika, wa tatu anakonda, na swali la kwanza ni "nitie dawa gani?" Dawa mara nyingi haina kazi hapo. Tatizo lilianza siku ile samaki walipochaguliwa.

Mimi ukiniuliza nitataka kujua vitu vitatu kwa kila samaki uliyenaye: kinywa chake kinafunguka kiasi gani, meno yake yakoje, na anakula kwa spidi gani. Kinywa kinameza wenzake, meno yanawakata, spidi inawanyima chakula. Karibu kila dalili nitakayoitaja hapa chini inarudi kwenye moja ya hayo matatu, na zile zisizorudi huko ni maji au ugonjwa.

Kwa hiyo maji kwanza, haraka haraka. Pima kabla hujamlaumu samaki yeyote. Amonia iwe 0, naitraiti 0, naitreti jitahidi isivuke miligramu 40 kwa lita (zote tatu zinatokana na uchafu wa samaki), pH 8.1 mpaka 8.4, chumvi kwenye rifraktomita (kile kipimo cha chumvi) ikae 1.024 mpaka 1.026, joto nyuzi 25 mpaka 27. Hawa samaki wanakula nyama na wanachafua maji kuliko wale wadogo wa mapambo, kwa hiyo skima (mashine inayotoa uchafu majini kwa povu) chukua iliyopimwa kwa tanki kubwa kuliko lako. Na kama unachota maji ya bahari badala ya kuchanganya chumvi ya dukani, tafadhali usichote karibu na Msimbazi unapoingilia baharini wala maeneo ya bandari, na msimu wa masika uwe makini zaidi maana mvua ikishuka chumvi ya pwani inapungua na taka zote za mjini zinakuja na mto. Toka na boti kidogo, chota maji yakiwa yamejaa, yachuje, halafu yapime kabla hayajaingia tankini.

Maji yakiwa sawa na bado kuna shida, sasa tuangalie samaki.

SAMAKI KAPOTEA NA HAKUNA MZOGA

Ulilala wako sita, umeamka wako watano, mawe umeangalia, filta umefungua, hamna kitu. Kabla ya yote angalia sakafuni nyuma ya tanki, maana samaki akifukuzwa usiku anaruka. Kama hayupo huko basi kamezwa, na aliyemmeza yumo humo humo, angalia nani tumbo limejaa kuliko jana na hataki kula asubuhi.

Watu wengi wanakosea hapa kwa sababu wanapima urefu wa samaki na kusahau kinywa. Samaki simba wa bahari yetu, Pterois miles, anafika kama sentimita 35 na anaweza kumeza samaki mwenye zaidi ya nusu ya urefu wake, haitaji hata kumkimbiza, anatanua yale mapezi anamsogeza mpaka kwenye kona taratibu halafu anafungua kinywa ghafla, maji yanaingia na samaki ndani yake. Chewa anafanya hivyo hivyo ila kinywa ni kikubwa zaidi na hamu haina mwisho. Kwa hiyo unapoangalia kama samaki fulani atamezwa, angalia kimo cha mwili, kutoka mgongoni mpaka tumboni. Samaki mwembamba mrefu wa sentimita 15 anamezwa kirahisi kuliko kitatange (angelfish) wa sentimita 12 ambaye mwili wake umesimama kama sahani. Kipimo ninachokipendekeza ni kwamba mwenzake na chewa awe na angalau theluthi mbili ya urefu wa chewa na awe na mwili mpana, na hesabu ufanye kwa urefu ambao chewa atakuwa nao mwakani, ule wa leo hautoshi, kwa sababu chewa akilishwa vizuri anawapita wenzake wote kwa kukua.

Mkunga ana hesabu yake mwenyewe. Kuna mikunga wa aina mbili na tofauti iko mdomoni. Wale wenye meno butu ya kusaga, mfano Echidna nebulosa mweupe mwenye mabaka meusi na madoa ya njano, na yule mwenye milia kama punda milia, Gymnomuraena zebra, chakula chao ni kaa na kamba, samaki wenzao kwa kawaida wanaachwa salama. Wale wenye meno marefu makali kama sindano ni wala samaki, na hapa kwetu wamo wakubwa sana, Gymnothorax favagineus mwenye madoa kama ya chui na Gymnothorax javanicus, hawa wanaenda mita 2 na javanicus anaweza kufika 3. Mvuvi akikuletea mkunga mdogo kwenye ndoo usimnunue kabla hujajua ni wa meno gani, kwa sababu anawinda kwa harufu usiku na samaki aliyelala hana ujanja wowote mbele yake.

Kamba wasafishaji na kaa wadogo uliowaweka wale mabaki ya chakula, hao wasahau kabisa. Wataliwa na kila mtu humo ndani.

MAPEZI YAMEKATIKA, JICHO LIMEUMIA, MAGAMBA YAMETOKA

Hapa unatakiwa kutofautisha kuumwa na kuoza. Pezi lililoumwa lina mkato safi wa nusu duara, limetokea ghafla, na sehemu iliyobaki ina rangi yake ya kawaida. Pezi linalooza linaanza na ukingo mweupe au wenye ukungu, linaliwa kidogo kidogo siku hadi siku, na mara nyingi maji yana shida. La kwanza huliponyi kwa dawa, mwondoe anayeuma. Nimeona watu wanatoa samaki mgonjwa, wanamtibu kwenye tanki la pembeni mpaka mapezi yanaota tena, halafu wanamrudisha kwa yule yule aliyemuuma, na wiki hiyo hiyo tunaanza upya.

Wenye meno hapa ni vikande na bunju (puffer, yule anayejivimbisha). Meno ya kikande yameumbwa kuvunja kaa, urchini (wale wa miiba mingi) na magamba ya chaza, na anacho kichwa cha utundu, atahamisha mawe, atatafuna waya wa hita, atang'ata bomba la hewa. (Kwa sababu hiyo waya zote zipitishe kwenye bomba la plastiki na uweke ile swichi inayokata umeme ukivuja, hii ni maisha yako wewe unayeingiza mkono.) Lakini vikande hawafanani na hapa ndipo uchaguzi una maana kubwa. Yule mwenye mistari ya machungwa mwili mzima, Balistapus undulatus, ni mzuri kwa macho ila akae peke yake, kwenye tanki la mchanganyiko atawamaliza, hata wakubwa kumzidi. Balistoides conspicillum mwenye madoa meupe makubwa tumboni, ambaye kila mtu anamtaka, anakuja mdogo mpole na anafika sentimita 50, na akishakuwa mkubwa anaweza kugeuka siku moja bila dalili. Rhinecanthus aculeatus yuko katikati, ni msumbufu ila anaweza kukaa na wenzake imara. Wapole kweli ni Odonus niger, yule wa bluu mwenye meno mekundu, na jamii ya Xanthichthys, hao porini wanakula vijidudu vinavyoelea majini ndio maana hawana tabia ya kung'ata kila kitu.

Bunju nae watu wanamuona ana sura ya upole, macho makubwa, anakuja kioo ukipita, lakini mdomo wake ni mkasi na anajaribu kila kitu kinachoning'inia. Sasa fikiria samaki simba na yale mapezi yake marefu yanayopepea taratibu. Kumweka samaki simba na bunju au kikande mkorofi ni kumtesa samaki simba, mimi siwezi kukuambia vinginevyo hata kama umeona video ya mtu wanaishi pamoja, ile video imechukuliwa siku moja.

Na bunju usipompa vitu vigumu meno yake yanakua mpaka hawezi kufunga mdomo, kwa sababu meno yake hayaachi kukua. Mpe kaa, kome, kamba na maganda yake.

ANAKONDA WAKATI CHAKULA KIPO

Hii ndio dalili inayonisikitisha kuliko zote kwa sababu inaua polepole mbele ya macho ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba anaapa kabisa kwamba kila siku anatupia chakula. Ni kweli anatupia. Ila ukikaa ukaangalia nani anakula utaona vikande wamemaliza kila kitu ndani ya sekunde chache, samaki simba ndio kwanza anageuza mwili, na mkunga ndio anaanza kutoa pua kwenye shimo lake baada ya harufu kumfikia. Mkunga haoni vizuri, anategemea pua, kufika kwake chakula kimeshaisha.

Jaribu hivi. Wakimbiaji wape kwanza, upande mmoja wa tanki, waache washughulike. Halafu upande wa pili tumia kijiti kirefu au koleo la plastiki, mpe samaki simba kipande kimoja kimoja ukikitikisa mbele ya mdomo wake, na mkunga mpelekee mpaka mlangoni kwake. Vidole visiende, mkunga hawezi kutofautisha harufu ya ngisi na mkono ulioshika ngisi. Ukiona hata kwa njia hiyo kikande anavuka tanki zima kuja kunyang'anya, basi hao wawili hawawezi kuishi pamoja, tanki lingekuwa hata mara mbili.

Samaki simba aliyetoka baharini jana anaweza kukataa kabisa kitu kisichotembea. Hapo mwanzishie kamba wadogo hai wa maji chumvi, halafu taratibu umchanganyie vipande vilivyokufa kwenye kijiti mpaka azoee. Usimzoeshe samaki wa maji baridi, hasa wale wa dhahabu wa dukani, kwa sababu ya urahisi. Samaki wa dhahabu ana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, tena mafuta yake hayaendani na samaki wa baharini, na ukimlisha hivyo kwa miezi ini la samaki wako linajaa mafuta, anakufa huku ukiamini anakula vizuri. Kamba wa aina moja kila siku nao wanaleta shida hiyo hiyo ya B1, na kwa bunju na mikunga utaona wanashindwa kufungua au kufunga mdomo, wanafuata chakula hadi puani halafu hawakishiki.

Sisi watu wa Dar hatuna sababu ya kukosa chakula bora. Nenda Feri asubuhi, unapata ngisi, pweza mdogo, kamba, kaa, kome, vibua, vyote fresh. Osha, kata, gandisha kwenye friza siku kadhaa, na badilisha badilisha kila mlo, ukiweza dondoshea vitamini kabla ya kuwapa. Vibua visiwe chakula kikuu, vina mafuta mengi na maji yanachafuka haraka.

Kuhusu mara ngapi, samaki simba mkubwa na chewa wanatosheka na milo miwili mitatu kwa wiki, mkunga vivyo hivyo, vikande na bunju na wale wanaokula majani kila siku kidogo kidogo. Samaki simba ataomba kila ukipita na utamuonea huruma, usimpe, kunenepa kunamuua vile vile.

MPYA AKIINGIA ANAPIGWA

Mara nyingi ni mpangilio wa kuwaingiza. Mpole anaingia kwanza, mkali anaingia mwisho, na kikande ndio wa mwisho kabisa. Ukimwanzisha kikande peke yake akakaa miezi, tanki lote ni mali yake, kila anayekuja ni mwizi.

Kama tayari umeshafanya hivyo, hamisha mawe yote siku ya kumwingiza mgeni ili mipaka ya zamani ipotee, zima taa, na mgeni muweke kwanza kwenye kiboksi chenye matundu ndani ya tanki siku chache waonane bila kugusana. Siku ya kumfungulia kaa hapo uangalie. Kufukuzana kwa siku mbili tatu ni kawaida. Asiyeweza kutoka kona moja, anayehema haraka, ambaye haji kula, huyo mtoe siku hiyo hiyo. Na epuka kuwaweka wawili wa umbo na rangi zinazofanana, kangaja (surgeonfish) na kangaja, kitatange na kitatange, wanapigana kuliko na mtu baki.

ALIKUWA MPOLE, SIKU HIZI AMEBADILIKA

Amekua. Ni hilo tu katika kesi nyingi. Wauzaji wanauza watoto, na mtoto wa samaki mwindaji anapendeza mno. Lutjanus sebae akiwa mdogo ana milia mikubwa myekundu na myeupe inayovutia, akikua anafika mita 1. Mtoto wa Epinephelus lanceolatus ana rangi ya njano na nyeusi, utampenda, na huyo ndiye chewa mkubwa kuliko chewa wote wa miamba, anazidi mita 2 na kilo mia kadhaa. Hakuna sebule ya Dar inayomfaa. Kama unataka chewa chukua wa jamii ya Cephalopholis, miniata mwekundu mwenye vidoti vya bluu au argus, hao wanaishia kati ya sentimita 40 na 60, bado ni wakubwa na bado wanameza, ila tanki la urefu wa mita mbili na nusu linawabeba.

Papa wa miambani na taa wakubwa naombeni tuwaache baharini. Najua mtu ana pesa na anataka papa sebuleni, lakini papa anahitaji bwawa la kuzunguka bila kona, kwenye kioo anajigonga pua mpaka anaumia.

WOTE WANAHEMA JUU JUU

Kama ni wote kwa pamoja, acha kutafuta mchokozi, hapa ni hewa au sumu. Maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, na kuanzia Januari mpaka Machi tanki lisilo na chila (mashine ya kupoza maji) kwenye chumba kisicho na AC linapanda nyuzi 31, 32, samaki wakubwa wameshiba, usiku umeme unakatika, pampu zimesimama, mpaka asubuhi umepoteza wale wakubwa kwanza kwa sababu ndio wanaohitaji hewa nyingi. Kuwa na pampu ya hewa ya betri inayowaka yenyewe ni lazima, naona ni muhimu kuliko taa za bei mbaya. Feni ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi moja mbili, ila maji yanapungua na chumvi inabaki, jazia kwa maji yasiyo na chumvi wala klorini. Na umeme ukirudi baada ya masaa mengi, filta ya kopo (ile iliyofungwa inayokaa nje ya tanki) usiiwashe kabla hujamwaga maji yaliyolala ndani yake, hayo yameshakosa hewa na yananuka, ukiyasukuma tankini umewapa sumu.

Amonia pima tena hapo hapo. Na hesabu samaki, maana kama kuna aliyekufa nyuma ya mawe ndiye anayeoza. Akiwa ni bunju, au yule samaki wa boksi wa njano Ostracion cubicus, mtoe haraka sana, badilisha maji mengi na weka mkaa mpya wa kuchujia maji kwenye filta. Samaki wa boksi akishtuka au akifa anaachia sumu kwenye maji inayoweza kuua tanki zima, ndio maana kwenye tanki la wawindaji mimi simuweki kabisa, wao watamsumbua na yeye atawalipa wote.

VIDOTI VYEUPE AU VUMBI LA DHAHABU

Vidoti kama chembe za chumvi ni kimelea kinachoitwa Cryptocaryon. Vumbi laini linalong'aa na samaki anahema sana ni kimelea kingine, Amyloodinium, na hiyo inaua ndani ya siku chache, usisubiri. Dawa ya kopa (shaba) inafanya kazi kwa yote mawili lakini iwe kwenye tanki la karantini (la pembeni la kumtenga samaki), ipimwe kwa kipimo chake kila siku, na hapa rudi kwenye uchaguzi wako: mkunga na bunju hawana magamba ya kawaida ya kuwakinga, wao na samaki simba kopa inawaumiza kuliko kangaja au kitatange, papa na taa ndio kabisa wasipewe. Mtu mwenye mchanganyiko wa hao wote hawezi kutibu tanki kwa dawa moja. Kila mgeni akae karantini wiki nne mpaka sita kabla ya kuingia, hasa kangaja maana ndio wanaobeba vidoti kirahisi zaidi.

MKUNGA YUKO SAKAFUNI

Kifuniko kilikuwa na mwanya. Mkunga anapita popote kichwa kinapopita, na anasukuma kifuniko chepesi, kwa hiyo kiwe kizito au kifungwe, na matundu ya bomba yazibwe kwa wavu. Ukimkuta bado ana utelezi mrudishe majini hata kama anaonekana amekufa, wanastahimili nje ya maji kwa muda.

UMECHOMWA NA SAMAKI SIMBA

Ana miiba 13 mgongoni na mingine tumboni na nyuma, yote ina sumu. Tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, nyuzi 40 mpaka 45, kati ya nusu saa na saa moja na nusu, joto la maji alipime mtu mwingine kwa mkono wake mzima usije ukajiunguza, joto linavunja ile sumu. Halafu nenda hospitali, na kama kifua kinabana au kichwa kizunguzungu nenda moja kwa moja usisubiri maji ya moto. Watoto wa nyumbani na dada anayesafisha waelezwe mapema.

SASA NIWEKE NANI NA NANI

Tuseme tanki lina urefu wa sentimita 240, upana 75, kimo 75, hiyo ni lita 1,350 hivi kabla ya mawe, na maji peke yake ni zaidi ya tani moja na robo kwa hiyo kama unakaa ghorofani muulize fundi wa majengo kwanza.

Ukimpenda samaki simba basi jenga tanki kumzunguka yeye. Samaki simba mmoja au wawili, mkunga mmoja wa meno butu, puju mmoja Naso elegans wa kuogelea na kula majani, tafi (rabbitfish) mmoja mkubwa, na kitatange mmoja Pomacanthus imperator au semicirculatus aliyeshakua. Ukitaka kikande hapo ni Odonus niger peke yake, na aingie mwisho.

Ukipenda vikande na bunju, basi samaki simba sahau. Bunju mmoja wa miiba Diodon holocanthus, Rhinecanthus mmoja, Coris (jamii ya wrasse) mkubwa mmoja, kangaja mkorofi kama Acanthurus lineatus anayeweza kujitetea, na mkunga wa milia kama mashimo yapo ya kutosha. Chewa Cephalopholis anaweza kukaa kwenye kundi hili kuliko lile la kwanza kwa sababu hapa hamna wa kumezwa, ila hesabu samaki watano sita, msizidishe, nafasi ikipungua hata wapole wanapigana.

Samaki wa kwetu wako wengi na huhitaji kuagiza mbali, lakini Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, kuvua humo ni kosa, mvuvi akikwambia samaki katoka huko usinunue. Na kabla ya kuanza kuvua samaki hai mwenyewe sehemu nyingine pitia ofisi ya uvuvi uulizie kibali.

Kama tanki lako limeshachanganyika vibaya, anza kwa kumtoa anayeuma au anayemeza, wanaoumwa waache walipo, wape wiki mbili na maji safi uone wanavyorudi. Huyo mkorofi usimrudishe baharini. Amekaa na samaki wa sehemu nyingine, ana vijidudu ambavyo miamba yetu haijawahi kuviona, na huko Marekani samaki simba hawa hawa wa Bahari ya Hindi na Pasifiki walianza kuonekana pwani ya Florida miaka ya 1980, inaaminika walitoka kwenye matanki ya watu, leo wamejaa mpaka Karibiani wanameza samaki wadogo wa huko ambao hawajui kuwakimbia. Tafuta mwenye tanki la kumfaa, na ni vizuri ukampata huyo mtu kabla hujamnunua kikande wako wa kwanza.